Upawa Juu ya Sahani

Sogeeni basi, sogeeni karibu mnyamaze, nyie wote mnaosema kwa pamoja humu kichwani mwangu, mama yangu uliyelala kaburini Vihingo, na wewe Mwanahalima mwanangu, nyamazeni nimsikie huyu daktari wa kwenye tivii, anasema njia ziko tatu za kumpunguza mtu mwili, ameshika tumbo la plastiki kama mtu anayekuuzia papai, ya kwanza puto, linapitishwa mdomoni limesinyaa halafu linajazwa maji humo ndani mtu ashibe mapema, ya pili wanakata mfuko wa chakula unabaki mwembamba kama ndizi, ya tatu... ya tatu sijaisikia, maana Zuwena kasema, Bibi, kidogo tu, na mimi nimeshika upawa juu ya sahani yake, wali umejaa, mvuke unanipanda usoni, mkono hauendi mbele wala haurudi nyuma... kidogo tu, kasema, wala hanitazami, anatazama tivii, kanyoosha miguu kwenye mkeka kwa sababu viti vya humu vimemshinda, mjukuu wangu, mke mwenzangu wa utani, miaka thelathini na miwili tu magoti yanalia kama mlango mkongwe, sukari, presha, akijinyoosha hata mchana pumzi inamkatika usingizini nami nahesabu, moja, mbili, tatu, rudi mama, rudi... Alhamisi wamemwandikia hospitali, ile ya ndizi, na asubuhi tukikuna nazi aliniambia taratibu, “Bibi, bila radhi zako sipandi kile kitanda,” mimi nikajitia nachuja tui, na mpaka saa hii sijamjibu. Sasa kwenye tivii wamemleta mwanamke, picha mbili, huku mnene kanuna, huku mwembamba anacheka, kalishika gauni lake la zamani wanaingia watu wawili, mtangazaji anapiga makofi, haya, na hapo katikati je, kati ya picha hii na ile, nani alikaa kwenye benchi na khanga ya mgonjwa mapajani, hilo hawalionyeshi, daktari kasema hatari zipo ila chache, kapita hapo mbio kama aliyekanyaga siafu, lakini benchi nalijua mimi, nililikalia siku Mwanahalima alipoingizwa kupasuliwa wamtoe huyu Zuwena, alisema, “Mama, nishikie shanga zangu, wamesema nizivue,” nikazishika, nesi akatoka na mtoto, mama hakutoka, na shanga zilikuwa bado zina moto, nikasema mwanangu yu hai, kumbe ni moto wa kiganja changu... nyamaza Mwanahalima, najua, nakusikia. Kitoto chenyewe kilo moja na nusu, watu wakaniambia hiki hakifiki arobaini, nikalisha, uji wa mchele na tui kijiko kwa kijiko, nikalisha, alipovunja ungo nikamweka ndani kama nilivyowekwa mimi, asishike jembe, asishike ndoo, bokoboko asubuhi, wali jioni, maana mama alikuwa akisema mwali akitoka amekonda aibu si yake, aibu ni ya aliyeshika upawa, na siku anatoka watu walikuja mpaka kutoka Kisarawe mjini, vigelegele, anang'aa, shanga za mama yake hazikufungana kiunoni nikakata uzi nikaongeza, mwakani nikaongeza tena, kila nikiongeza najisifu, mtazameni wa kilo moja na nusu... juzi tu jirani yetu Mama Kabula, aliyehamia hapa Picha ya Ndege kutoka Usukumani, alimtania, wewe kwetu ng'ombe wako wa mahari wangejipanga kutoka hapa hadi Mbwawa, tukacheka, Zuwena akacheka kutushinda, halafu akaingia jikoni nikasikia maji yanamwagika, yanamwagika, na hakuna chombo kinachooshwa. Mtangazaji anamwuliza yule mwanamke, ulikuwa unakula nini, anataja chipsi, anataja soda, anajilaumu peke yake mbele ya nchi nzima, hakuna anayemwuliza, dada, nani alikuwa anakupakulia... Bibi, inatosha, tangu ana miaka sita, Bibi, nimeshiba, nami naongeza, maana kwetu anayesema inatosha anaona haya, mgeni akisema kidogo unamjazia, mwenye adabu hasemi nina njaa na mwenye mkono mzuri hangoji kuambiwa, ndivyo nilivyolelewa... na kama hakuwa anaona haya? Kama miaka yote ile alikuwa kashiba kweli, anaomba, na mimi namsifia adabu huku namzika kwa upawa wa mama yangu? Ya Rabi, nikisema nenda nampeleka chumba kile kile, nikisema usiende namuua mwenyewe, hapa mkekani, polepole, kwa mapenzi... matangazo yameingia, mafuta ya kupikia, familia nzima inachekea pilau, mtoto anaongezewa, mama yake anasifiwa, na Firdausi, binti wa Zuwena, miaka saba, sahani yake keshaisogeza, kashachoka kungoja... Mwanahalima, wewe hukuniomba nikuzuie, uliniomba nikushikie, na huyu naye haniombi zaidi ya hapo. Matangazo hayajaisha, wali bado uko hewani, Zuwena bado anatazama tivii, hajui kitu, basi nyamazeni mara ya mwisho nigawe mirathi ningali na mkono, upawa wa mama aurithi Zuwena kuanzia sahani hii, ajipakulie, akisema inatosha iwe imetosha, shanga za Mwanahalima Alhamisi nitazishika mimi, akirudi nitapunguza uzi mwaka kwa mwaka kama nilivyouongeza, na punje zitakazobaki ni za Firdausi, na asiporudi... asiporudi ni za Firdausi zote... lakini benchi halirithiwi, benchi ni langu.