Kisima Kisichokuwemo Kwenye Orodha

...tisini, anasema mkuu wa idara, andika tisini tu, dada, na kidole chake kimekaa chini ya ukurasa wa mwisho, penye mstari wa sahihi, na kalamu iko mkononi mwa mtakwimu, imeshafunguliwa, tisini ni namba nzuri, inasomeka, ila yeye hakuandika tisini peke yake, aliandika kati ya arobaini na mbili na mia moja themanini na tano, kwa uhakika wa asilimia tisini na tano, maana visima viko elfu moja na mia mbili, wamepima themanini, sita wamevikuta na sumu, hayo ndiyo yanayojulikana, mengine ni makadirio... "Wakubwa hawana muda wa kati ya hiki na kile," mkuu anasema, "watadhani hatujui," na kweli hatujui, bosi, upana wote ule ni kutojua kwetu, tumekupima tukakuandika, ukiufuta haupungui, unabaki kulekule vijijini unachotwa kwa ndoo... ndoo ya kijani, hapana, asiifikirie ndoo, aangalie karatasi... mwaka jana, tarafa nyingine, namba ilikuwa sitini, miisho yote miwili ikakatwa kama kucha, akatia sahihi, wapimaji wakatoka kutafuta visima vibovu mpaka vikatimia sitini, wakafungasha vifaa wakarudi, ripoti si ilisema sitini, na kile cha mama wa ndoo ya kijani hawakukifikia... "Unanisikia lakini?" "Nakusikia, bosi," anasikia, anamsikia na yule baba, mume wa yule mama, alivyokaa kwenye kiti hikihiki karibu na kabati la mafaili, kofia mapajani, mke amezikwa Jumanne, figo, daktari alisema figo, wala hakuja kugombana, aliuliza tu, "Kisima chetu mlikipima?" na yeye akamweleza sampuli kama alivyofundishwa chuoni, kwamba mpishi haonji sufuria nzima, kijiko kimoja kinatosha, yule baba akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Lakini sisi hatukuwemo kwenye kijiko, mwanangu," akaaga, akaondoka... na tangu siku hiyo kila akifungua bomba jikoni kwake anasikia kamba ikikwaruza ukingo wa kisima, mumewe anamuuliza mbona umesimama tu maji yanamwagika, atamwambia nini... si yeye aliyekata, mkuu ndiye aliyekata, yeye hesabu zake zilikuwa sawa, hilo amejiambia mwaka mzima, bahati nasibu haimchagui mtu, hakumchagua mtu, hakujua... hakujua? Mchana ule wa kupima alipita pale na orodha yake, yule mama akamwita kutoka kisimani, "Na changu je, dada?" akamjibu, "Chako hakimo kwenye orodha, mama," na yule mama akacheka kwa nafuu, kama aliyeambiwa kisima chake kizima, akamchotea kikombe kutoka ndoo yake ya kijani, akakifuta ukingo kwa kitenge chake, "Basi kunywa kidogo, jua kali hili," na yeye... koo lilikuwa limekauka mpaka ulimi unanata, na yeye akasema, "Asante, mama, nimeshakunywa"... nimeshakunywa... mwaka mzima amekikwepa kikombe hicho, analilia hesabu, analaumu mkasi wa mkuu, kumbe pale kisimani upana ule aliujua kwa koo lake, aliuogopa akaukataa kwa adabu, kisha akamwacha mwenzake anywe... "Sahihi tu, dada, gari linasubiri," na kidole hakijaondoka, kalamu haijagusa karatasi, na yeye anajua sasa kwamba akifungua mdomo hatazungumzia asilimia wala kijiko, atamwambia mkuu wa idara kwamba kulikuwa na kikombe cha maji, alipewa kwa mikono miwili, na hakukinywa.