Sauti Iliyobaki Baada ya Kisu

Madereva wa magari ya wagonjwa walimwita Simba, ingawa wengi hawakuwahi kumtia machoni. Walimjua redioni tu, akiwaelekeza kutoka kituoni: sauti nzito ya kukwaruza, ikisema pinda hapa, wahi pale, na hakuna aliyebisha. Miaka ishirini ya sigara ilikuwa imezivimbisha nyuzi za sauti yake, hata waliopiga simu wakimwita kaka, naye ni mwanamke. Alikuwa akicheka tu. Pumzi ilipoanza kumkatika katikati ya maneno, akakubali kupasuliwa koo.

Wiki nzima alikatazwa hata kunong'ona. Alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, akipanga vyombo vilivyokwisha kupangwa na kumwandikia mumewe vikaratasi, mpaka mume akamwomba aipumzishe na kalamu.

Siku ya nane daktari alimwambia ahesabu hadi kumi. Alifika tatu, akaacha. Ilitoka sauti nyembamba, ya msichana. Daktari akasema ndiyo yake halisi, ataizoea; asiongee sana kwanza, na sigara asiziguse tena.

Hakuizoea. Kutwa aliijaribu bafuni, akatoka amenuna. Mama yake, aliyepoteza macho kwa uzee, aliishi kwa kaka yake Simba mtaa wa pili, akimtambua kila mtu kwa sauti. Simba akawa anatuma salamu tu, akisingizia leo kikohozi, kesho uchovu.

Wiki ya tatu alirudi kazini. Dereva wa kwanza alimsikia, akauliza, "Binti, Simba yuko wapi?" Ilibidi arudie maelekezo mara mbili ndipo gari likaondoka. Mgonjwa aliwahiwa, na Simba akamaliza zamu.

Hakwenda nyumbani. Miguu ilimpeleka kwa kaka yake. Mama alikuwa kitandani akikunja nguo.

"Mama, umekula?"

Nguo ikamponyoka mama. Taratibu akalitaja jina la binti yake mkubwa, aliyefariki akiwa msichana.

"Hapana, mama. Ni mimi, mdogo wake."

"Najua ni wewe, mwanangu. Mlikuwa na sauti moja, nyinyi wawili. Nilishaisahau." Akampapasia mahali pa kukaa. "Sema kitu. Chochote."

Simba akaketi. Akamsimulia habari za yule dereva, za daktari, za vikaratasi. Koo lilianza kumchoma, naye akajua amezidisha. Mama alikuwa amemgeuzia sikio. Simba akameza mate, akaendelea.