Mwakani, Mama

Kwenye kota za reli hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Viti, na jina hilo alilitolea jasho: ujana wake wote ulikwisha akishona viti vya mabehewa ya abiria. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango mkubwa wa karakana, apate mwanga, na vidole vyake viliota sugu hadi hakuweza tena kujua maji ya kuoga ni ya moto au ya vuguvugu.

Kazi aliipenda, tuseme ukweli. King'ora cha asubuhi kilimkuta amekwisha tunga uzi. Msimamizi wao, mtu mfupi waliyemwita Nati kwa sababu akikaza jambo halilegei, alipita akibonyeza viti kwa goti.

"Mama Viti, unawadekeza abiria. Wakifika hawatataka kushuka."

"Basi ongezeni reli," alijibu, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Aliishi na mama yake, chumba na sebule, na treni ikipita vikombe viligongana kabatini. Mama alikuwa na dada yake wa tumbo moja aliyeolewa mji wa mbali, kule reli inakoishia. Mfanyakazi aliruhusiwa kusafiri bure na mzazi wake akiwa likizo, na mama alilijua hilo. Alilidokeza kwa mbali, kama mtu anayeona haya kuomba chumvi kwa jirani.

"Hivi mwanangu, likizo yako ni lini?"

"Nikimaliza mabehewa haya, mama."

"Sawa. Kazi kwanza. Dada yangu hakimbii."

Mabehewa hayakwisha. Likizo ikikaribia, Nati alikuja kusimama mbele ya cherehani, kofia mkononi. "Ukiondoka wewe, nani atashona?" Na yeye, badala ya kukasirika, alivimba kichwa. Neno hilo lilimnogea kuliko likizo yenyewe. Jioni alimwambia mama, "Mwakani," na mama akasema hewala.

Mara moja tu walikaribia kuondoka. Mama alikuwa amevaa gauni lake la maua, begi liko mlangoni, na viatu vipya vimeanza kumbana kabla ya safari. Nati akabisha hodi mwenyewe: behewa la daraja la kwanza limerudi, viti vimechanika, na linatakiwa kesho yake. Mama alisikia yote. Aliinama, akavua viatu kimoja kimoja.

"Nenda, mwanangu. Watu wasikalie mbao kwa ajili yangu."

Naye akaenda. Alishona viti vile vizuri mno.

Kisha treni ya abiria ikaondolewa, ikabaki ya mizigo peke yake. Nati alipita meza hadi meza akiwaambia mafundi warudi nyumbani, macho yameelekea sakafuni. Mama Viti sasa alikuwa na likizo isiyo na mwisho, lakini magoti ya mama yalikwisha kukataa, na basi la kutwa nzima asingeliweza. Mama hakulalamika. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, alifariki.

Matanga yalipokwisha, Mama Viti alipanda basi akaenda kwa mama mkubwa peke yake. Alimkuta kibarazani, macho hayaoni vizuri. Kikongwe yule alimshika mkono, akapapasa zile sugu, na kabla hata ya kumpa pole akauliza:

"Mdogo wangu alinikasirikia nini?"

"Hakukasirika, mama."

"Alikasirika. Tulipomzika baba yetu nilimtamkia maneno mabaya. Nikasema ipo siku atakuja nimwombe radhi. Hakuja."

"Alitaka kuja, kila mwaka. Mimi ndiye niliyesema mwakani. Nilikuwa kazini."

Kuku akapita katikati yao, mama mkubwa asimfukuze.

"Kumbe," alisema mwishowe. "Miaka yote hii nimebeba hasira ya mtu ambaye hakuwa nayo."

Hakumwambia amesamehewa, wala hakumlaumu. Alimwambia aingie ndani ale, maana safari ni ndefu na njaa haina msiba.

Mama Viti alikwenda kwa siku mbili, akakaa hadi mahindi yakavunwa. Alimwogesha mama mkubwa na kumkata kucha. Maji ya kuoga alimpa kwanza ayaguse mwenyewe, kwa kuwa vidole vyake havikuaminika. Asubuhi moja kikongwe aliamka usingizi haujamtoka, akanyoosha mkono kwenye kitanda cha pili.

"Mdogo wangu, umeshaamka?"

Mama Viti alitaka kumsahihisha. Badala yake akaushika ule mkono.

"Nimeamka, dada," alisema. "Nipo."