Lugha ya Mnyapara

Watu husema lugha ya kigeni inataka kichwa chepesi. Uongo. Redio, rafiki yangu tuliyekuja naye huku kutafuta kazi, hana kichwa chepesi. Shuleni tulishindana kushika mkia, na wote tuliacha kabla ya wakati. Lakini lugha ya huku anaimwaga kama maji. Kilichomsaidia ni kukosa haya. Anaingia dukani, anasema mambo ya ovyo, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, naye anacheka nao, kisha anawauliza ilitakiwa asemeje. Mimi nikichekwa mara moja, mdomo unajifunga wiki nzima.

"Wewe unataka kuvuka tope na viatu vibaki safi," huniambia. "Haiwezekani, kaka."

Kazi nayo haikunisaidia. Redio yuko kwenye gari la kupeleka mizigo, kutwa anagonga milango ya watu. Mimi niko ndani, kwenye msumeno wa kukatia mawe ya kaunta za jikoni. Ukiwaka ule, husikii hata mawazo yako. Tunaziba masikio na kuongea kwa mikono. Anayetumia mdomo ni mnyapara peke yake. Anakusogelea mpaka puani, anapaza sauti: shika, inua, geuza, acha, haraka. Lugha yote niliyo nayo niliipata hapo, kutoka mdomo ule mmoja.

Hilo halikunisumbua, kwa sababu nyumbani alikuwepo mke wangu. Yeye anamhudumia bibi mmoja mzee asiyejua kunyamaza, na ndiko alikookota lugha. Binti yetu alipochelewa kuongea, walimu walitushauri tushike lugha moja tu, ya huku. Mke wangu akafuata. Mimi nikanyamaza. Mtoto akakua, akawa kasuku kwa mama yake. Lugha yetu hakuijua; kwangu ilikuwa shikamoo na marahaba, mengine yote yakipitia kwa mama.

Kisha mama mkwe akaugua kule nyumbani, mke wangu akasafiri kwenda kumuuguza. Nikabaki na binti wa miaka minane katika vyumba viwili, mkalimani hayupo.

Asubuhi ya kwanza nikajitosa kwa lugha ya huku. Amka. Vaa. Kula. Haraka. Akaamka, akavaa, akala, haraka. Jioni ikawa kaa, andika, zima, lala. Kila nilichosema kilifanyika. Kumbe lugha naijua. Kichwa kikanivimba, nikamtambia Redio kwamba nyumba inakwenda bila kelele hata moja kutoka kwa mtoto. Akasema basi anitafutie joho, nimehitimu.

Siku chache baadaye mwalimu wa mtoto akanipigia simu. Sikuelewa kitu ila jina la binti yangu. Nikaenda shuleni na Redio.

Mwalimu aliongea kwa muda mrefu. Nilimwona Redio mzaha ukimtoka usoni.

"Anasema mtoto hali chakula cha mchana," akaniambia. "Walipombembeleza, amesema baba ana hasira naye tangu mama aondoke. Anadhani mama ameondoka kwa sababu yake."

"Hasira gani? Sijamgusa hata kwa ukucha."

"Anauliza huwa unaongea naye vipi."

Hilo nikaliona jepesi. Mtoto alikuwa pembeni na begi lake. Nikamwambia aje akae, kama ninavyomwambia kila siku. Begi likamdondoka. Alikuwa ameshakaa kabla sijafunga mdomo. Mwalimu akainua mkono, kama mtu anayetaka kusimamisha gari, kisha akaushusha.

Redio akanivutia nje.

"Kaka, ile si lugha yako. Ile ni ya mnyapara. Umemchukua mzima mzima, na macho yake."

"Ndivyo inavyosemwa."

"Ndivyo inavyosemwa karibu na msumeno."

Mimi nilidhani ile sauti ni sehemu ya neno, kama ncha ilivyo sehemu ya msumari. Hakuna aliyewahi kuniambia maneno yale polepole, basi sikujua kama yanasemeka polepole.

Kesho yake nikamwomba Redio anipe maneno matatu ya kumwambia mtoto: sina hasira na wewe, hukukosa kitu, mama atarudi. Nikayatafuna kutwa nzima msumeno ukinguruma, hakuna anayesikia, hata mimi mwenyewe.

Jioni nilimkuta mezani, mikono mapajani, anasubiri amri. Nikakaa sakafuni, nisimsimamie juu. Nikayasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama si yangu. La kwanza, alinitazama mdomo. La pili, akatazama meza. La tatu, akaanza kuongea.

Hapo Redio hakuniandaa. Nilijifunza kusema, sikujifunza kujibiwa. Maneno ya siku zote zile yalimtoka kwa pamoja, na machozi, na makamasi, mikono ikichora vitu nisivyovijua. Niliambulia "mama". Niliambulia "mimi". Basi. Mwisho sauti ikapanda, akanyamaza, akanisubiri. Mtoto wangu ameniuliza kitu, uso wake wote unangoja, nami sijui kama jibu ni ndiyo au hapana.

Nikashika simu nimpigie Redio, nikairudisha. Aliyeulizwa si Redio. Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, lakini huenda ningekuwa nimekubali kwamba mama yake hampendi.

Neno moja lilinijia, nalo ni la mnyapara. Yeye hulisema mtu akiharibu jiwe, na akilisema mate hukurukia. Sikuwa na jingine. Nikalishusha chini kabisa, karibu na pumzi.

"Rudia."

Mabega yake yalishtuka. Akanitazama, anapima kama ni amri. Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikauacha ulivyo. Akashuka kwenye kiti, akakaa sakafuni, si karibu nami, akaanza upya, polepole, akifuta pua kwa mkono. Safari hii niliambulia neno jingine moja, "usiku". Akafika tena kwenye swali lake, akasubiri.

"Rudia," nikasema.