Doa Lililopimwa kwa Tepu

Mke wangu ni fundi cherehani, na akishapima kitu huwezi kumbishia. Mwaka jana alikwenda kutafuta miwani ya kusomea, daktari wa macho akaona doa dogo jeusi kwa ndani kabisa, nyuma ya jicho la kulia. Akatutoa wasiwasi: watu wazima wengi wanalo, ni kama baka la ngozini tu, ila lipigwe picha kila mwaka kuona kama linakua. Likikua, hapo kuna kazi. Tukapewa nakala ya picha. Mama watoto akalipima doa kwa tepu yake, akaandika kwenye daftari, katikati ya viuno vya wateja: milimita tatu.

Juzi tukarudi. Safari hii palikuwa na mashine mpya. Muuguzi akatupa nakala, tukakaa kwenye benchi kumsubiri daktari. Tepu ikatoka mkobani.

"Mzee, sita."

"Sita nini?"

"Limekua mara mbili."

Basi, urithi ukaanza kugawanywa pale pale. Mkasi, ambao hata mimi sithubutu kuugusa, apewe binti yetu. Cherehani apewe mdogo wake. "Na wewe utanitungia sindano jicho likizima," akasema, akanitupia pakiti na rili ya uzi. Miaka arobaini hajaruhusu mtu amtungie sindano! Sikubisha. Niliogopa, tena sana, nikaona afadhali mikono iwe na shughuli. Nikatunga saba, nikazichomeka kwenye kola ya shati langu.

Tulipoitwa, alimbwagia daktari daftari mezani. Daktari akalisoma, akajizuia kucheka.

"Mama, hebu pima na huu mshipa wa pembeni. Picha zote mbili."

Akapima: nao ulikuwa umekua. Mara mbili. Akapima mshipa mwingine. Mara mbili.

"Mashine mpya inatoa picha kubwa. Doa lako ni lile lile."

"Loo! Na mimi kila siku nachukua kipimo cha gauni la mtoto, nakikuza kiwe cha mama yake!"

Tulipotoka nje akakunja uso. "Lete sindano zangu. Mbona nyuzi ndefu hivi?"

"Nilitaka zikufikishe mbali."

Dukani kwake akashona nazo zote saba, moja baada ya nyingine, bila kunitazama. Uzi wa mwisho ulipokwisha, akachomoa sindano ya nane, akaninyooshea.

"Tunga," akasema.