Kastabini Kwenye Kioo

Siku daktari alipowaita yeye na mdogo wake ofisini, dada mkubwa alikwenda na kastabini yake kidoleni, kile kikofia cha bati kinachokinga kidole na sindano. Hakuna aliyeshangaa, maana alikuwa mshonaji tangu marehemu mumewe yu hai. Ila hakuna aliyejua kwamba ndani ya kikofia kile mlikuwa na jeraha la mkasi lililokataa katakata kufunga. Alilificha makusudi, asije mtu akamwambia amezeeka.

"Vipimo vimetoka," daktari akasema. "Nyote wawili mnalingana na ndugu yenu."

Dada mkubwa akashusha pumzi. Alikuwa amekwisha kumwahidi Mungu kwamba uboho wa kumponya kaka yao utatoka kwenye mifupa yake yeye, aliyembeba kaka huyo mgongoni baada ya mama yao kufariki, akamsomesha kwa kupunguza suruali za watu na kubandika vifungo.

"Basi nipangieni siku."

"Tutamchukua mdogo wako, mama."

Mdogo mwenyewe, kitindamimba wa nyumba, alikuwa anatazama kucha zake. Dada yake alimwita Malkia tangu utotoni, na si kwa kumsifu.

"Huyu? Huyu anapiga mayowe sindano ikiwa bado kwenye karatasi!"

"Dada na wewe! Nitafumba macho."

Daktari akavuta kiti karibu. "Sikiliza, mama. Ndani ya mifupa kuna seli shina. Hizo ndizo zinazozaa damu yote, pamoja na askari wa kupigana na maradhi. Sasa nazo huzeeka. Askari wanaozaliwa wanapungua, wengine wanazaliwa wamechoka. Hata za ngozi ni hivyo hivyo, ndiyo maana kidonda cha mtu mzima hukawia kupona. Tukipata nafasi ya kuchagua, tunachukua za kijana."

Dada mkubwa akauingiza mkono wenye kastabini ndani ya mkoba. Wivu ukamwingia. Alipozaliwa huyu, alipewa yeye kitanda cha dirishani. Alipokua, akapewa yeye sura. Leo hata mifupa yake inapendelewa! Jioni ile kwenye sala alijikuta anaomba sindano ivunjike. Akashtuka, akasema amina kabla hajamaliza.

Sindano haikuvunjika. Kaka alipigwa dawa kali zilizoua uboho wake wote mbovu, kisha akatiwa wa Malkia, uliovutwa kwa sindano mgongoni chini, akalazwa kwenye chumba cha kioo. Mwilini hakuwa na askari hata mmoja, wapya walikuwa bado kuzaliwa, na kijidudu kimoja tu kingetosha kumuua.

Nje ya chumba, Malkia aliketi na mto mgongoni kama mzazi. Kila apitaye, "Pole, shujaa!" Dada mkubwa, aliyefua shuka zote tangu ugonjwa uanze, hakuambiwa hata pole ya bahati mbaya.

Nesi akatokea. "Leo anaruhusiwa mtu mmoja. Nani anaingia?"

"Mimi," wakasema wote.

"Mgongo uliotobolewa ni wangu," Malkia akasema.

"Na uliombeba ni wangu!"

Malkia akamtazama dada yake, akajiegemeza kwenye mto wake. "Haya, ingia. Usije ukaninunia mpaka kiyama."

Dada mkubwa akainuka, kifua mbele.

"Vua kila kitu mikononi, mama. Pete, na hicho nacho. Unawe, uvae glavu." Nesi akageuka kumtafutia joho.

Kastabini ikatoka kwa kunata. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, kinatoa maji. Glavu hizo hapo, na nesi kampa mgongo. Nani angejua? Akatupa jicho kwenye kioo. Kaka yake alikuwa amelala, kichwa hakina unywele, shingo imekuwa kama ya kifaranga. Akayakumbuka maneno ya daktari kuhusu askari. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba kitu cha Malkia kizaliane.

"Nesi, mwanangu. Hebu njoo uone kidole."

"Mama! Tangu lini hiki?"

"Tangu kabla ya vipimo."

"Usiguse hata huo mlango. Twende ukasafishwe."

"Nakuja. Mwache Malkia aingie."

Akabaki kwenye kioo, anamwona Malkia anamtengenezea mgonjwa shuka, kalikunja ovyo, na wivu ukarudi ulipokuwa. Akaivaa kastabini kwenye kidole cha mkono usio na jeraha, akagonga kioo: ko, ko, ko-ko. Ndivyo alivyowaita kula walipokuwa wadogo, akigonga meza ya cherehani.

Kaka akafumbua macho. Akainua kidole taratibu, akagonga chuma cha kitanda: ko, ko, ko-ko.

Malkia naye akagonga.

"Wewe usiige!" dada mkubwa akafoka, machozi yanamtiririka, ingawa kioo kile kilipitisha mlio wa kugonga tu, si maneno. "Kunja shuka vizuri!"