Sekunde Kumi na Moja

Kila mvua ikinyesha mtaani Bwaise umeme hukatika, na kila uliporudi, kisanduku cha king'ora cha mafuriko kando ya mfereji kilichukua dakika moja na nusu kuamka. Laker, binti wa sajenti mstaafu, ndiye aliyeandika mfumo wake, na ucheleweshaji huo ulimtia aibu. Maji hayana subira, alisema, na nani angembishia?

Basi akaingia kwenye kiini cha mfumo. Humo draiva, zile programu ndogo zinazojua kuongea na kila kifaa, zilipakiwa kwa foleni: moja ikimaliza, nyingine inaingia. Laker akaivunja foleni, zote ziingie kwa pamoja. Kisanduku kikaamka kwa sekunde kumi na moja. Alikijaribu mara arobaini mezani ofisini, na bosi wake Asuman akapiga makofi. Kichwa kikamvimba, tusifichane.

Kule mferejini watu walikuwa na zamu ya kuangalia maji, mtu mmoja kila mvua. Walipopata king'ora wakaiacha. Bi Zubaida, mwenye miguu mibovu, alifurahi kuliko wote, maana sasa hakuhitaji kumsumbua jirani amtazamie mfereji.

Jumanne mchana mvua ikamwagika. Umeme ukaenda, ukarudi. Kisanduku kikaamka chapuchapu, kama alivyotaka, ila safari hii draiva ya kipima maji ikaitangulia ile ya waya unaoleta vipimo. Haikukuta kitu, ikaandika sifuri. Na sifuri, kwa jinsi Laker mwenyewe alivyopanga, maana yake mfereji mkavu. King'ora kikanyamaza. Bi Zubaida alikutwa chumbani mwake, amekufa maji.

Ripoti ya Asuman ilisema maji yalizidi uwezo wa kifaa. Uongo mtupu! Laker alishindwa kuumeza. Akaenda msibani, akaketi mkekani karibu na Raisa, binti wa marehemu, akamweleza yote.

Raisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikuwa sokoni Nakivubo, niko kwa simu na yeye," akasema. "Namwambia, Mama, ita watu wakubebe. Yeye anasema king'ora bado, Laker ametengeneza vizuri."

"Nisamehe."

"Maji ilichukua robo saa kufika kitanda yake, nyabo. Robo saa nzima." Akamgeukia. "Sasa wewe ulikuwa unakimbilia wapi?"